Jinsi ya Kumkatia Riziki Mwizi wa Mtandao

Mwizi wa mtandao ni mchapakazi. Usiku na mchana hupita akijaribu vitasa vya ofisi za watu, kimoja baada ya kingine. Hana haja ya kuvunja ukuta. Kitasa kimoja kilichosahaulika kinamtosha. Mwongozo huu nimeuandika kwa nia moja tu: ashinde na njaa. Ukiufuata, atajaribu kwako, atachoka, na huenda mwisho akatafuta kazi ya halali. Baada ya miaka mingi ya kuhangaika na mifumo ya ofisi, hakuna habari itakayonifurahisha kuliko hiyo.

Hatua ya 1: Wasake watumishi hewa wa kompyuta

Watanzania tunawajua watumishi hewa. Mwaka 2016 serikali iliwasaka na kuwafuta maelfu kwenye orodha ya mishahara. Ndani ya kompyuta zetu wapo ndugu zao: akaunti za waliohama, waliostaafu na waliotangulia mbele ya haki. Wenyewe hawapo, milango yao iko wazi.

Mwezi Mei 2021 Marekani ililipia somo hili. Kampuni ya Colonial Pipeline, ambayo bomba lake hupeleka karibu nusu ya mafuta yanayotumika pwani ya mashariki ya nchi hiyo, ilisimamisha kazi kwa siku kadhaa. Watu walipanga foleni vituoni. Wadukuzi wa kundi la DarkSide walikuwa wameingia kwa akaunti ya zamani ambayo haikuwa ikitumika tena, lakini hakuna aliyeifunga. Nywila yake ilikuwa ngumu, kama mkuu wa kampuni alivyolieleza Baraza la Seneti, ila ugumu haukusaidia kitu kwa sababu ilikuwa imeshavuja, na mlango ule haukudai kitu kingine zaidi ya nywila. Kampuni ililipa bitcoin 75, wakati huo kama dola milioni 4.4. Sehemu kubwa ya bitcoin hizo serikali ilizikamata baadaye. Foleni za mafuta hakuna aliyezirudisha nyuma.

Dawa yake ni karatasi mbili. Chukua orodha ya mishahara kwa afisa utumishi, chapa orodha ya akaunti zote, uziweke sambamba. Kila jina lililo kwenye ya pili na halimo kwenye ya kwanza, funga siku hiyo hiyo. Kwenye ofisi moja tuliifanya kazi hii mchana kutwa, kalamu nyekundu mkononi. Tukafika kwa mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo na kuondoka zamani. Akaunti yake ilikuwa bado inafungua mfumo wa mishahara. Afisa utumishi akashika kichwa: "Huyu si yule aliyetuaga kwa soda na keki?" Ndiye. Aliaga watu wote isipokuwa seva.

Hatua ya 2: Kila mtu na ufunguo wake

Nywila inayotumiwa na watu sita haina mwenyewe. Fedha zikihamishwa usiku, kumbukumbu za mfumo zitaandika kwamba aliyehamisha ni "admin", na admin hana sura wala hawezi kuhojiwa.

Siku moja nilikwenda dawati la mhasibu, mama wa makamo, nikamkuta ameibandika nywila ya mfumo wa malipo kwenye kioo cha kompyuta, kwa karatasi ya njano.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, na namba ya siri ya M-Pesa umeibandika wapi?"

Alinitazama kama nimemtukana. "He! Ile hata mume wangu haijui."

Hapo ndipo penye ugonjwa wetu wote. Elimu ya usalama tunayo, tena tunaijua kwa moyo. Tunaitumia kwa fedha zetu na kuiacha getini tunapoingia kazini.

Hatua ya 3: Ruhusa ilingane na kazi

Mwaka 2013 wadukuzi waliiba taarifa za kadi zipatazo milioni 40 kutoka maduka ya Target nchini Marekani. Waliingia kwa utambulisho walioupora kwa mkandarasi wa majokofu. Fundi jokofu anahitaji njia ya kwenda kwenye jokofu tu. Mtumishi akihamishwa idara, ruhusa za kule alikotoka zibaki kule alikotoka.

Hatua ya 4: Weka mlango wa pili

Nywila ikiibwa, kiwepo kitu kingine kinachodaiwa: tarakimu za programu iliyo kwenye simu, au kidude cha kuchomeka. Tarakimu zinazokuja kwa ujumbe mfupi ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini matapeli wa laini za simu wanazifikia. Na uwafundishe wenzako jambo moja: anayepiga simu akisema ni wa kitengo cha kompyuta, anaomba zile tarakimu, ni ndugu wa yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Kata simu.

Hatua ya 5: Jua kipi cha kufungia na kipi cha kusaga

Hapa ofisi nyingi hujikwaa. Kusimba data ni kuifungia kwenye sanduku: mwenye ufunguo atafungua aipate ilivyokuwa. Hivyo ndivyo zinavyofaa kutunzwa taarifa za wagonjwa, mikataba na mishahara. Nywila ni jambo jingine. Hakuna anayepaswa kuisoma tena, hata wewe msimamizi, kwa hiyo haifungiwi, inasagwa. Mahindi yakishakuwa unga hayarudi kuwa punje. Mtu akiandika nywila yake, mfumo unaisaga upya na kulinganisha unga kwa unga. Kabla ya kusaga, kila nywila huongezewa chumvi yake, tarakimu za bahati nasibu, ili watu wawili wenye nywila moja wasitoe unga mmoja. Chumvi hiyo ilielezwa na Robert Morris na Ken Thompson mwaka 1979.

Mwaka 2013 kampuni ya Adobe iliibiwa faili lenye kumbukumbu zaidi ya milioni 150. Nywila zake zilikuwa zimefungiwa badala ya kusagwa, zote kwa ufunguo mmoja, bila chumvi. Nywila zilizofanana zilitoa maandishi yaliyofanana, na pembeni yake vidokezo vya wateja vilikaa wazi. Watu wakaoanisha vidokezo, wakazibaini nywila nyingi bila hata kuupata ufunguo. Iliyoongoza ilikuwa 123456.

Hatua ya 6: Ficha ufunguo, siyo kufuli

Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs aliandika kwamba mfumo mzuri wa siri hubaki salama hata adui akijua unavyofanya kazi, mradi asiupate ufunguo. Kanuni ya kusimba data iitwayo AES, iliyoidhinishwa 2001 na inayotumika duniani kote, kila mtu anaweza kuisoma, na bado haijavunjwa. Kwa hiyo usihangaike kubuni kufuli lako. Hangaikia ufunguo: usikae kwenye seva ile ile yenye data, usitumwe kwa WhatsApp, na uwe na watunzaji wawili ili mmoja akiugua ofisi isife naye. Simba pia nakala rudufu na kompyuta mpakato zote. Kompyuta ikisahaulika kwenye daladala, mtakuwa mmepoteza mashine tu.

Hatua ya 7: Kumbuka data ni ya nani

Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na Tanzania ilianza kutumia ya kwake tarehe 1 Mei 2023. Lakini hata pasipo sheria, kwenye seva hiyo lipo jina la mgonjwa anayeficha maradhi yake, na mshahara wa mlinzi wa getini. Hawakukupa taarifa hizo ili kuipendezesha ofisi yako. Walikuamini.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya chai ya saa nne, nenda kwa afisa utumishi ukaombe ile orodha. Na nywila ya ofisi, ndugu yangu, ilinde kama namba yako ya siri ya M-Pesa. Asiijue hata mumeo, hata mkeo.