Jinsi ya Kuzungusha Fezi na Kulipwa kwa Kazi Hiyo

Anza na sauti ya mwimbaji. Weka plagini ya kuzungusha fezi, zungusha nobu hadi nyuzi 90. Husikii tofauti yoyote? Vizuri, ila usiseme. Funga macho, tikisa kichwa polepole, umuulize msanii: "Umesikia ilivyofunguka?" Atakubali. Studio anailipia kwa saa, hana muda wa kubishana na masikio yake.

Kisayansi uko salama. Ndani ya plagini mna filta inayopitisha masafa yote bila kupandisha wala kushusha hata moja. Inachokigusa ni fezi tu, yaani mahali wimbi lilipo katika mzunguko wake, na kwa sauti inayodumu sikio huwa halishughuliki nayo sana. Anayeshughulika ni mita. Watu wa redio wanalijua hilo siku nyingi: sauti ya mtangazaji mara nyingi huwa na vilele virefu upande mmoja wa wimbi, kwa hiyo huzungusha fezi pande zikaribiane, mtambo ubebe sauti kubwa zaidi. Wewe fanya kinyume. Chukua wimbo uliokwisha kubanwa na limita, uzungushe. Vilele vilivyokatwa vitaota upya, mita itawaka nyekundu, na wimbo utasikika vilevile. Iite kazi hiyo "kurudisha uhai", nayo ina bei yake.

Sasa utundu wenyewe, na hapa kejeli naiweka pembeni kidogo kwa sababu raha yake ni ya kweli. Tafuta plagini ya Disperser ya Kilohearts, kampuni ya Uswidi, uiweke kwenye kiki, ile ngoma nzito ya mdundo. Ule mpigo wa kiki, ile "ta!" ya mwanzo, ni masafa mengi yanayotoka mlangoni kwa pamoja kama abiria wa daladala kituo cha mwisho. Disperser hupanga filta nyingi mfululizo na kuwachelewesha. Ielekeze karibu na 150 Hz, ongeza kiasi taratibu: masafa ya juu yanatangulia, mazito yanajikokota nyuma, na "ta!" inageuka "piuuu". Ongeza tena. Ongeza hadi jirani agonge ukuta. Kiki haipo tena, lakini una bunduki ya sinema za anga za juu.

Ukichanganya sauti iliyozungushwa na ile halisi, baadhi ya masafa yatakutana kwa nyuzi 180 na kufutana. Tangaza kwamba umevumbua kitu. Usiitaje kampuni ya MXR, iliyouza pedali ya Phase 90 tangu miaka ya 1970.

Mwisho ni upana. Nakili sauti ya mwimbaji, nyuzi 90 kushoto, nyuzi 90 kinyume chake kulia. Kwenye hedifoni ni maajabu, mwimbaji amekuzunguka kichwa kizima. Kwenye simu ya spika moja pande hizo mbili zinajumlishwa, na mwimbaji anatoweka, ala zinabaki zikicheza peke yazo. Mteja akipiga simu kwa hasira, mjulishe kwa upole kwamba hilo ndilo toleo la karaoke, na ankara yake inakuja.