Mchawi Aliyenyeshewa

Mchawi wa hadithi zetu akishapanda ungo, hana habari na hali ya hewa. Anapaa usiku, anamaliza ubaya wake, na alfajiri yuko kitandani mkavu kama hakutoka. Hayao Miyazaki, mwongozaji wa filamu za katuni wa Japani, aliuliza swali tulilolisahau: na mvua je? Katika Kiki's Delivery Service ya mwaka 1989, msichana wa miaka 13 anaaga kwao na kupaa kwa ufagio, redio imening'inia, na kabla usiku haujaisha ameloa chapachapa. Anajibanza ndani ya behewa la mizigo, analala juu ya nyasi kavu, na asubuhi anaamshwa na ng'ombe wanaomlamba nyayo, maana godoro lake ndiyo staftahi yao. Nadai kwamba filamu za Studio Ghibli, studio yake iliyoanzishwa mwaka 1985, zinapendwa kwa sababu ya mikosi midogo kama hiyo, ile ambayo uchawi wote uliomo umeshindwa kuizuia.

Mtazame Howl, wa Howl's Moving Castle ya mwaka 2004. Mfalme anamtaka akapigane vitani, lakini kinachomwangusha ni bafu lake. Bibi wa usafi kapanga upya chupa zake, rangi ya nywele imeharibika, na mchawi mzima analia mpaka anavuja ute wa kijani sakafuni. Jini la moto linalolitembeza kasri zima nalo linainamishwa kichwa chini ya kikaango ili mayai yaive, na ujira wake ni maganda. Katika Spirited Away ya mwaka 2001, iliyotwaa tuzo ya Oscar mwaka 2003, mzimu unaonuka hadi wali unaharibika unaingia kwenye nyumba ya kuogea. Anayemhudumia ni mtoto aliyeanza kazi juzi (kazi zenye harufu humfikia mgeni kwanza, huko kama kwingine). Anagundua kitu kimemchoma mzimu ubavuni. Wakivuta, ni baiskeli, na nyuma yake zinafuata takataka za mji mzima. Kumbe mgeni ni roho ya mto. Miyazaki amesimulia kwamba aliwahi kushiriki kusafisha mto, na baiskeli ikatolewa matopeni kweli.

Mbishi atanitajia Princess Mononoke ya mwaka 1997, ambamo mishale inakata mikono na vichwa: mkosi mdogo uko wapi hapo? Upo kwenye bakuli. Nchi imejaa laana na vita, na mtawa mmoja analalamika kwamba supu aliyouziwa ni kama maji matupu. Malalamiko hayo ndiyo yanayotufanya tuamini vita vyenyewe, kwa kuwa hata dunia ikiungua, mla supu hasamehi chumvi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba filamu hizi hazina haraka, na katika My Neighbor Totoro ya mwaka 1988 hakuna hata adui. Hilo la haraka nalikubali. Lakini adui wa nini, pale ambapo baba ametoka bila mwavuli, basi limekuja bila yeye, na mdogo mtu anasinzia mgongoni mwa dada kituoni? Ndipo linapotokea dubwana la msituni, na jani kichwani. Dada analiazima mwavuli wa baba. Linasikia matone yakigonga kitambaa, linafurahi, linaruka kwa uzito wake wote ili miti imwage maji mengine. Kisha linafika basi lenye umbo la paka. Dubwana linawaachia watoto kifurushi cha mbegu, linapanda, na kutokomea na mwavuli wa watu.