Sifa za Chumba Kimoja

Mwaka 2020 Kenya iligundua kwamba nyumba inaweza kuwa ofisi, darasa na karantini kwa wakati mmoja, na hakuna waliokuwa tayari zaidi ya wazazi vijana wa Mathare na Kibera, mitaa ya mabanda ya Nairobi, ambao chumba chao cha futi kumi kwa kumi kilikwisha kuwa jiko, sebule na malazi. Shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, tajiri wa mtaa wa kifahari wa Karen alihangaika kumtengea mwanawe chumba cha kusomea. Huku bondeni mtoto alitoka kitandani hadi mezani bila kushuka, maana meza ni kitanda hicho hicho. Kukaa mbali na mwenzako? Rahisi: baba alisimama nje. Ilipogonga saa moja jioni kafyu ikamrudisha ndani, na familia ikapata ule ukaribu ambao wenye vyumba saba huulipia washauri nasaha.

Hawakosi wa kulalamika kwamba mama anayefulia watu nguo hawezi kufua kupitia intaneti. Hao hawafikirii kisasa. Wengine watakwambia maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na kunawa mikono kila mara humaliza hela ya unga. Lakini afya haina bei, bwana. Mwenye bei mwaka huo alikuwa asiyevaa barakoa: faini hadi shilingi 20,000 au jela hadi miezi sita, ambako, tukumbuke, hakuna kodi ya nyumba wala mtoto anayelilia bando la masomo.