Vidonge vya Eedo

Eedo, shangazi yangu, alishuka kwenye basi la kutoka Nairobi na mkoba mmoja wa nguo na mwingine wa dawa. Alizinunua mtaa wa Isilii: vidonge vya mkaa, majani ya chai ya kuendesha tumbo na kopo la unga wa kijani. Tangu nzige waingie Wajir mwishoni mwa 2019 na kupuliziwa dawa, anaamini sote tumebeba sumu isiyotoka. Jioni hiyo hiyo akatuketisha mkekani, kuanzia ayeeyo, nyanya yangu, hadi wifi yangu anayenyonyesha, kila mtu na kikombe chake.

Hofu yake ina msingi. Dieldrini, iliyotumika zamani kuangamiza nzige Afrika, ni kati ya sumu zilizotajwa kwenye Mkataba wa Stockholm wa 2001, kwa sababu hukaa miaka katika mafuta ya mwili na hupita kwenye maziwa. Dawa za juzi, kama fenitrothioni, ni hatari kwa anayezishika, ila hazikai mwilini kiasi hicho.

Haukupita muda, ayeeyo akashikwa na kizunguzungu akienda kutawadha. Hospitalini presha yake ilikuwa juu mno, ilhali dawa zake hakuziruka hata mara moja. Mhudumu kijana wa zamu akauliza anameza nini kingine. Eedo akatoa vidonge.

"Mama, mkaa haubagui," kijana akasema kwa upole. "Hunasa karibu kila kitu unachokikuta tumboni. Dawa ya presha imeishia chooni."

"Na ile sumu ya kwenye mafuta?"

"Hiyo haiko tumboni, mama."

Eedo alilia. Anampenda mama yake kuliko sote.

Ipo sumu iliyowahi kuharakishwa kutoka. Huko Hopewell, Virginia, wafanyakazi wa kiwanda cha dawa ya wadudu iitwayo Kepone walitetemeka mikono, na kiwanda kikafungwa 1975. Madaktari wakawapa kolestiramini, dawa ya kolesteroli. Sumu iliyokuwa ikichukua siku 165 kupungua nusu katika damu ikachukua 80, kwa kuwa Kepone hutoka na nyongo hadi kwenye utumbo, kisha hunyonywa tena. Dawa iliinasia hapo njiani. Lakini ilikuwa sumu moja, inayojulikana, na damu ya kila mgonjwa ilipimwa. Vidonge vya mkobani vilipimwa na nani, dhidi ya nini?

Kilichoniuma zaidi kilikuwa nyuma ya nyumba. Vijana wetu walikuwa wakichoma plastiki na mipira chakavu, na moshi wa namna hiyo huzaa dayoksini, ndugu wa dieldrini kwa ukaidi. Kuku hudonoa majivu yale, mbuzi hula majani yaliyoangukiwa na masizi, nasi tunakunywa maziwa.

Wifi anaendelea kunyonyesha, na ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoshauri hata pale mabaki ya sumu hizi yanapoonekana kwenye maziwa ya mama. Ayeeyo, presha iliposhuka, alipiga marufuku moto wa taka uani. Sasa tunabishana chupa zipelekwe wapi, maana gari la taka halifiki upande wetu, na eedo ndiye anayezunguka kwa majirani kutafuta wa kuchimba shimo.