Hiyo Sabuni Walikuandikia?

Mwanzoni mwa mwezi nilitangaza nyumbani kwangu, Tabata, kwamba shilingi yetu haitaingia tena mfukoni mwa kampuni isiyojali watu. Mama Neema akauliza, "Shilingi ipi?"

Nikampuuza. Mpwa wangu aliyesomea biashara akanipa silaha: bidhaa ambayo tarakimu za chini ya ile mistari myeusi zinaanza na 620 ni ya Tanzania. Basi nikawa naingia dukani kwa Mangi na miwani. Nikageuzageuza viberiti, dawa ya meno, biskuti, mpaka wateja wengine wakadhani mimi mtu wa kodi. Biskuti wanazozipenda watoto zilianza na 616, yaani Kenya, kwa hiyo wiki nzima tukanywa chai kavu. Jumapili mpwa akaja, na huku anatafuna (alikuja na biskuti zake) akaongeza kwamba 620 huonyesha tu mahali kampuni ilikosajili namba. Bidhaa yenyewe inaweza kutengenezwa popote. Hilo la kuanza nalo aliliweka mwisho!

Nikahamia kwenye mazingira. Daladala mbili hadi supamaketi, nikarudi na sabuni yenye picha ya jani, shilingi 9,000. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini rafiki huyu wa mazingira alikuwa amevaa nailoni, juu yake boksi, juu ya boksi nailoni nyingine, kama bibi harusi. Mama Neema akafulia kola moja, akatafuta povu, hakuliona, akamtuma mtoto kwa Mangi akalete kipande cha mche.

Kahawa ndiyo iliyonifuta machozi. Ile ya kopo inayotengenezwa Bukoba, ushirika wa wakulima wa Kagera una hisa kiwandani. Hapo mkulima si picha ya mzee anayecheka kwenye lebo, ni mwenye mali. Nikaenda kununua kopo kubwa kwa moyo mweupe. Yaani kulichukua, kununua ni neno zito.

"Mangi, niandikie."

Mangi hana jani la kijani wala tamko la maadili ukutani. Ana kibao kimoja tu, "Mkopo leo hakuna, labda kesho", na tangu nihamie mtaa huu hajawahi kukitii. Akavuta daftari, akalamba kidole, akafunua kurasa polepole. Zangu ni nyingi.

"Baba Neema," akasema bila kuinua macho, "ile sabuni ya elfu tisa, kule nako walikuandikia?"

Nikakohoa. Nikamuuliza habari za kijijini Rombo, kama mvua zimenyesha. Akasema zimenyesha.

Deni limefika 47,500, na kopo la kahawa limefungua ukurasa mpya.