Sikio la Kushoto la Waziri

Mwenzangu uliyeoa, utanielewa. Mke wangu, ambaye watoto humwita Waziri wa Mambo ya Ndani akiwa hayupo, aliacha kunisikia. Nikiomba chai, kimya. Nikiomba nauli katika mshahara niliomkabidhi kwa mkono wangu, kimya zaidi. Nikasema ndoa ndivyo zilivyo, yaishe.

Mama mkwe, Redio Mbao, hakukubali yaishe. Alishuka kutoka Muheza na mafuta ya nazi yaliyochemshwa na kitunguu saumu, akammiminia. Chumba kikanuka pilau wiki nzima. Huyu mama aliwahi kuitibu friji yetu kwa kuipiga kofi, ikapona, kwa hiyo hakuna wa kumbishia.

Ila simu ilishahamia sikio la kulia, la kushoto likawa linalia kama mbu, na usiku Waziri akienda msalani anapepesuka, anashika ukuta. Daktari alipiga marufuku mafuta, akampima usikivu, kisha akamwandikia MRI. Jibu: uvimbe mdogo kwenye mshipa wa fahamu wa nane, ule unaopeleka ubongoni sauti pamoja na habari za mizani ya mwili.

Neno "uvimbe" lilimtosha Redio Mbao kuangua kilio. Shemeji Baunsa naye akaanza kupigia ukoo simu za michango. Daktari akapata kazi ya kuwatuliza: si saratani, wala hausambai mwilini. Huota kwenye seli zinazoufunika mshipa, zilizopewa jina la Theodor Schwann, mwanasayansi Mjerumani wa karne ya 19. Mara nyingi hukua milimita 1 au 2 kwa mwaka, na mwingine haukui kabisa. Ukiwa mdogo hufuatiliwa kwa MRI. Ukizidi, ni mionzi au kisu, tena kisu cha tahadhari, maana mshipa wa saba unaoendesha misuli ya uso umepita ubavuni.

"Asije akashindwa kutabasamu!" akalia mama mkwe.

"Kwani sasa anatabasamu?" nikauliza. Usiku ule nililala na njaa.

Tumeambiwa tufuatilie. Mimi nimehamishiwa upande wa kulia wa kitanda, nisikike. Haikusaidia: nikigusia hela za kikoba, Waziri analalia sikio zima na kuniachia bovu.

Nawe, kabla hujalalamika kwamba hupewi chai, muulize mwenzio kama simu imehama sikio. Ikiwa imehama, mpeleke akapimwe usikivu.