Sifa za Antena Inayonuna

Wengine wasifu mwezi, wasifu jahazi, wasifu wali wa nazi. Mimi leo naisifu antena ya bisibisi iliyo nyuma ya Probox yangu, ile fimbo inayopanda na kushuka kwa mota, ambayo tangu mfungo uanze imegoma mara nne. Nitasema kwa sauti, maana yenyewe leo haisikii la mtu.

Nianze na jina, kwa sababu kwenye foleni ya feri ya Likoni huwa naulizwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanaredio mmoja wa ridhaa wa California, Mmarekani Don Johnson, mwenye alama ya mwito W6AAQ, alichukua mota ya bisibisi ya betri akaitia ndani ya bomba la antena ya gari. Mota inazungusha skrubu ndefu, skrubu inaisukuma koili itoke bombani au irudi ndani, na vidole vya shaba vilivyopangwa mdomoni mwa bomba vinaigusa koili inapopita. Sehemu iliyo nje inafanya kazi, iliyo ndani imelala. Robo ya wimbi kwenye megahezi 7.1 ni mita 10 na nusu hivi, na sijamwona trafiki atakayekuacha upite Digo Road na mlingoti wa urefu huo. Koili inaidanganya redio kwamba mlingoti upo.

Nyumbani ninayo antena nyingine, waya tu, kutoka mnazi huu hadi mnazi ule. Niliitundika miaka sita iliyopita. Haijawahi kuninunia, na hilo ndilo tatizo lake: nani amewahi kumkaribisha mgeni kahawa ili amsimulie habari za waya usioharibika? Hii ya gari ina mambo ya bi harusi. Haitoki mpaka ibembelezwe. Unabonyeza kitufe cha kupandisha, kimya. Unabonyeza tena, kimya. Juzi nilimwita fundi wa umeme wa magari, kijana wa Mwembe Tayari, akalizunguka gari mara mbili.

"Mzee, hii imekufa."

"Haijafa, mwanangu, imenuna. Weka ameta."

Sasa tazameni ukarimu wake. Ameta ikisoma sifuri, umeme haufiki: tafuta fyuzi iliyoungua, plagi iliyoliwa na chumvi, waya uliokatika pale unapojikunja kila mlango wa nyuma unapofunguliwa. Ameta ikipanda kupita kawaida, mota inasukuma na kuna kitu kimeikamata: mchanga, skrubu kavu, au koili imefika mwisho wa safari nawe hukujua, ulikuwa unaitazama matatu inayokuchomekea. Na kama mota inalia vizuri, ameta iko chini, koili haisogei, basi nati imekwisha meno. Ni binadamu gani aliyenuna akakupa dalili zilizonyooka namna hiyo? Mimi nimeoa miaka 22 na bado nabahatisha.

Vile vidole vya shaba navyo vina heshima yao. Upepo wetu wa bahari haubagui, na vikishika uchafu, mshale wa kipimo cha mawimbi yanayorudi hucheza chakacha gari likiruka shimo moja tu. Kijana alikuwa keshatoa msasa. Nikamshika mkono. Kitambaa laini na dawa ya kusafishia kontakti vinatosha. Msasa unakwangua vidole pamoja na koili, na ukishavikwangua umejinunulia maradhi ya kudumu.

Kuna wakati pia ilikuwa inapanda yenyewe, nikishika maikrofoni tu. Mke wangu akashauri isomewe. Kumbe nguvu ya redio ilikuwa inarudi kwa njia ya nyaya za mota, inamvuruga msajili mdogo anayehesabu mizunguko ya mota kwa sumaku. Nilizipitisha nyaya mara kadhaa ndani ya pete za feraiti, shetani akatoka bila ubani.

Lakini fadhila yake kubwa kuliko zote ni ya mwaka jana, na ilinitendea kwa kunidanganya. Ilinipa kipimo cha mawimbi yanayorudi cha 1.1 kwa 1, kitu ambacho wenzangu wanakiota. Nikaita CQ, yaani wito kwa yeyote anayesikia, usiku mzima. Hata Muscat hawakujibu, mji wa marehemu Sultan Qaboos, ambaye mwenyewe alikuwa na alama ya hewani, A41AA. (Sultani alikuwa na kasri, mimi nina Probox.) Nikaudhika na anga, nikaudhika na jua na madoa yake. Anga haikuwa na kosa. Antena fupi kama hii, ikikaa juu ya bodi iliyounganika vyema, haifikii omu 50 hata kwa dua. Yangu ni kama 25, kwa hiyo kipimo chake cha haki ni karibu 2 kwa 1. Omu zilizobaki zilikuwa zinaletwa na kutu iliyo chini ya kitako. Mshale ulikuwa unaipongeza kutu, na wati zangu 100 zilikuwa zikipasha moto bati.

Nikakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa. Nikafunga utepe mpana wa shaba iliyosukwa kutoka mlango wa nyuma hadi kwenye bodi, na mwingine kwenye ekzosi, ambayo usipoifunga hujifanya antena ya kutangaza kelele za injini. Kipimo kikaharibika vizuri sana. Usiku huohuo Muscat wakanijibu. Koili ndogo ya kulinganisha, ya kuweka kitakoni ili redio isinung'unike, niliifunga wiki iliyofuata, bila haraka.

Waya wa minazini ungenifundisha lini hayo?

Leo imekwama tena, robo tatu ya safari, ameta iko juu, na kijana hatakuja mpaka kesho. Pale ilipokwama inasikika vizuri kwenye 7.085, na nikisogea kilohezi 15 tu huku au kule redio inagoma. Basi anayenitafuta, baada ya futari nipo hapo. Sitahama.